Sensa ya oksijeni kwenye injini ya kabureta: namba inasema nini, na nini haisemi

Jumamosi moja nilibadilisha jeti, kile kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, mara tatu bila sababu. Gari lilikuwa linatetemeka, likipanda kilima linakohoa, na geji ya mchanganyiko niliyokuwa nimetoka kuifunga pamoja na sensa yake ya oksijeni ilionyesha 18.5 kila nilipokanyaga mafuta. Maana yake hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Basi nikaongeza petroli. Jeti kubwa ya 130 nikaitoa, nikaweka 135, namba ikashuka hadi 17 na ushee. Nikaweka 140, ikaja 16. Nikaweka 145, ikatua 15. Nikaona nimeshinda. Tatizo ni kwamba gari lilizidi kuwa bovu: moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi, na mtetemo uleule wa asubuhi.

Jioni ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kuanza nalo. Nikafungua plagi. Tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi, kavu. Iliyobaki ilikuwa imelowa petroli chapachapa. Waya wake wa plagi ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, kwa nje mzima kabisa. Silinda ile ilikuwa haiwaki tangu asubuhi. Mtu mwenye geji mpya huwa hasikii injini tena, anaangalia namba tu.

Sensa haikunidanganya. Ilipima ilichoundwa kupima. Mimi ndiye niliyedhani inapima petroli.

Inapima kilichobaki

Ili petroli na hewa viishe pamoja bila kimoja kubaki, kila gramu ya petroli ya kawaida inataka gramu 14.7 za hewa. Ukigeuza kuwa ujazo, lita moja ya petroli inamaliza karibu lita 9,000 za hewa. Hapo ndipo panapoitwa lambda 1: lambda ni uwiano ulio nao ukigawanywa kwa huo unaokamilika. Namba ikiwa chini, tuseme 12.5, mchanganyiko ni mzito: petroli imezidi, oksijeni inaisha kabla petroli haijaisha. Ikiwa juu, tuseme 16, mchanganyiko ni mwepesi: petroli imekwisha, oksijeni imebaki inazurura kwenye ekzosi.

Sensa inakaa kwenye ekzosi, kwa hiyo haioni kinachoingia. Inaona kilichobaki baada ya moto. Hilo ni kama kukadiria idadi ya wageni kwa kuhesabu sahani zilizobaki safi. Ukijua wote walikula, hesabu inatoka sawa. Ikiwa meza moja haikupakuliwa kabisa, utakadiria vibaya, na kosa si la sahani.

Ndivyo ilivyonikuta. Silinda isiyowaka inavuta hewa na petroli, halafu inavitema vyote kama vilivyo. Petroli mbichi sensa haiichakati vizuri, lakini robo ya oksijeni ya injini nzima inapita mbele yake haijaguswa. Inaripoti hewa nyingi. Mimi nikawa nazizamisha silinda tatu nzima kwa petroli ili kufidia oksijeni ya mgonjwa mmoja. Ile 15 niliyoifurahia ilikuwa wastani wa silinda tatu zilizokaribia 11 na moja iliyokufa.

Kwa hiyo kabla ya yote: injini inayomisi, yenye silinda isiyowaka, haipimwi kwa sensa. Inatengenezwa kwanza.

Kauri, volti, na aina mbili za sensa

Ndani ya sensa ya kawaida kuna kidole cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu pande zote mbili. Nje kinaogeshwa na moshi, ndani kinagusa hewa safi. Kikipata joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi, kauri ile inaanza kupitisha chembe za oksijeni zenye chaji, na tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili inazaa volti. Hesabu yake aliiandika Mjerumani Walther Nernst mwaka 1889, wakati magari yenyewe yalikuwa ndiyo kwanza yanajaribiwa. Bosch iliiingiza kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1976, kwenye Volvo za soko la Marekani, kwa sababu katalisti ya kusafisha moshi inafanya kazi vizuri mahali pembamba sana, jirani kabisa na lambda 1.

Watu husema kabureta na sensa ni dunia mbili. Si kweli. Mwaka 1981 General Motors iliuza magari ya kabureta yenye sensa ya oksijeni: kompyuta ilisoma moshi, kisha ikaamuru solenoidi ndani ya kabureta ifunge na kufungua njia ya petroli mara 10 kwa sekunde. Yalikuja kusukumwa nje na sindano za petroli, yaani injeksheni, na mafundi wengi hawakuyalilia. Tunachofanya sisi leo ni kilekile, ila nafasi ya kompyuta imekaliwa na mtu mwenye bisibisi na kikopo cha jeti.

Sensa ya wigo finyu, ile iliyokuwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, inajua maneno mawili tu. Hewa ikizidi inatoa kama volti 0.1. Petroli ikizidi inatoa kama 0.9. Katikati, kwenye lambda 1, inaporomoka ghafla ikipita 0.45. Kwa kompyuta hiyo inatosha, kwa sababu kazi yake ni kuyumbayumba juu ya mstari huo. Kwa mtu wa kabureta haitoshi. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho unataka kujua kama uko 13 au 11.5, na hapo sensa hii inakupa volti zinazokaribiana, tena zinazobadilika na joto lake yenyewe. Zile taa za rangi zinazopendeza, zinazocheza kutoka nyekundu hadi kijani kwa sensa ya aina hii, ni pambo. Kama ndiyo uliyo nayo, itumie kwa mwendo wa kawaida, ujue unapovuka lambda 1 na unaporudi. Ipime kwa mita ya dijitali. Mita ya mshale inakunywa umeme wa sensa na kuishusha namba. Usiguse nayo kazi ya nguvu kamili.

Ya wigo mpana, ambayo wengi wanaiita waidibendi, inafanya kitu cha ujanja zaidi. Ina kijichumba kidogo ambamo moshi unaingia kwa tundu jembamba, na pembeni yake kuna kauri inayofanya kazi ya pampu. Kidhibiti chake cha umeme kinasukuma oksijeni ndani au kuitoa nje ili kijichumba kibaki kwenye lambda 1 muda wote. Umeme unaohitajika kufanya hivyo ndio jibu. Moshi ukiwa mzito, pampu inaleta oksijeni; ukiwa mwepesi, inaitoa. Kwa hiyo unapata namba halisi, kutoka 10 hadi 18 na zaidi, wala si ndiyo au hapana. Inataka hita yake iwe juu ya nyuzi 700, inataka kidhibiti, na haipimwi moja kwa moja kwa mita. Zinazoonekana sana ni Bosch LSU 4.2 na LSU 4.9. Kwenye plagi ya waya zake kuna kizuizi kidogo cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo. Nimeona watu wakiikata plagi ile ili waya zipite kwenye tundu dogo la sakafu. Ukiikata, umetupa mizani ya sensa yako.

Jambo moja linawachanganya wengi: geji haijui petroli yako imechanganywa na nini. Inapima lambda, halafu inazidisha kwa 14.7. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inakamilika kwenye kama 14.1, lakini geji itaendelea kuonyesha 14.7 hapo hapo. Hakuna kilichoharibika. Kama geji yako inakubali, iweke isome lambda, na mabishano haya yote yanakwisha.

Kuifunga

Sensa inaingia kwenye nati ya M18 ya kuchomelea, yenye meno ya 1.5. Ichomelee baada ya mahali mabomba ya silinda yanapokutana, kabla ya katalisti kama ipo, kama sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye injini. Karibu mno joto linaiua. Tundu liwe upande wa juu wa bomba, kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa, ncha ikiangalia chini. Moshi wa injini baridi umejaa maji, na tone moja likigusa kauri yenye nyuzi 700 linaipasua. Chomelea nati bila sensa ndani yake.

Kuichomeka kwenye ncha ya nyuma ya ekzosi inawezekana kwa haraka, ila kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, hewa ya nje inarudi ndani ya bomba na namba inapaa. Vivyo hivyo kwa gasketi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Mtu hudhani tundu linatoa moshi tu, kumbe kati ya pigo na pigo la moshi linavuta hewa ndani. Dalili yake ni kwamba sailensi inasoma nyepesi sana na namba inajirekebisha yenyewe ukipiga resi, kwa sababu moshi mwingi unaizidi nguvu hewa inayoingia.

Kisha injini iwe na afya. Valvu zimepimwa, taimingi imewekwa, plagi na waya zake ni nzima, manifoldi (mabomba yanayoingiza mchanganyiko kwenye injini) haivuti hewa ya pembeni, na floti, boya linalofunga petroli bakuli likijaa, iko kwenye kimo chake. Floti ndiyo inayosahauliwa zaidi. Petroli ikikaa chini milimita chache kwenye bakuli la kabureta, kila jeti unayoijaribu inajaribiwa kwa kosa hilo.

Nani anaongea sasa hivi?

Sindano ya petroli ni njia moja. Kabureta ni njia nne au tano zinazopokezana, na hapa ndipo watu wengi wenye geji nzuri wanapopotea. Namba inakuambia mchanganyiko ulikuwaje. Haikuambii ni njia ipi iliyouleta.

Injini ikiwa sailensi, kipepeo cha kabureta, kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kimefungwa karibu chote. Mvuto mkali ulio chini yake unanyonya petroli kupitia jeti ndogo, na skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayoipunguza au kuiongeza. Ukigusa mafuta kidogo, ukingo wa kipepeo unapita juu ya matundu madogo yaliyochimbwa ukutani, nayo yanaanza kutoa petroli ya jeti ileile ndogo. Ukizidi kufungua, hewa inapita kwa kasi kwenye koo la kabureta, shinikizo linashuka hapo, na jeti kubwa inaamka. Petroli yake haiji peke yake. Inakutana na hewa kutoka jeti ya hewa ndani ya kijibomba chenye vitundu, inakuwa povu, ndipo inatoka. Bila hewa ile, jeti kubwa ingekuwa inazidisha petroli kila kasi ya hewa inapoongezeka. Halafu kuna pampu ya akselereta inayomwaga mafuta unapokanyaga ghafla, na kwenye kabureta nyingine kuna valvu ya nguvu inayofunguka mvuto wa manifoldi ukianguka.

Sasa chukua injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikiwa gari linateremka taratibu, kipepeo kimefunguka kidogo tu na petroli yote inatoka kwenye jeti ndogo. Ikiwa linapanda kwa gia ileile na kasi ileile, jeti kubwa ndiyo inayolisha. Mizunguko ni ileile, kabureta ni nyingine kabisa. Mtu anaona 16 kwenye mwendo mlaini wa tambarare, anakimbilia jeti kubwa, anaongeza, na namba haiondoki pale ilipo. Ameongeza maji kwenye bomba ambalo halijafunguliwa. Kwenye kabureta za Weber za koo pacha za pembeni, zile DCOE, jeti ndogo inaweza kubeba mwendo wa kawaida mpaka karibu na mizunguko 3,000, na nimewaona watu wazima wakigombana na jeti kubwa wiki nzima kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Karibu na geji ya mchanganyiko weka geji ya mvuto wa manifoldi. Ni kifaa cha zamani, cha bei ndogo, na kwa maoni yangu kina faida kuliko nusu ya mapambo ya geji za kisasa. Mvuto mkubwa, kipepeo kimefungwa, anaongea mdogo. Mvuto umekaribia sifuri, kipepeo kiko wazi, anaongea mkubwa. Namba ya mchanganyiko bila mvuto ni barua isiyo na jina la mwandishi.

Usisome geji huku unaendesha. Mtu wa pili asome, au simu irekodi geji zote mbili pamoja na ile ya mizunguko, uje kuangalia gari likiwa limesimama. Kumbuka pia moshi unachukua muda kufika kwenye sensa. Unachokiona sasa kilitokea kitambo kidogo nyuma, na kwenye mizunguko ya chini ucheleweshaji huo ni mkubwa zaidi.

Kazi yenyewe

Narudi kwenye lile gari. Waya wa plagi umebadilishwa, plagi zimesafishwa, jeti ya 130 imerudi mahali pake. Naanza na sailensi, injini ikiwa na moto wake wote. Nageuza skrubu ya mchanganyiko mpaka injini inapokimbia vizuri zaidi na mvuto unapokuwa juu zaidi, ndipo naangalia namba. Ilikuwa 13.6. Naiacha. Injini nyingi za kawaida zinapenda sailensi kati ya 13 na 14, na zenye kamshafti kali zinataka zito zaidi. Tena kamshafti kali inaacha valvu mbili wazi kwa pamoja muda mrefu, hewa safi inapita moja kwa moja hadi ekzosi, na namba inaonekana nyepesi kuliko ukweli. Hapo fuata sikio na mvuto. Kulazimisha sailensi ifike 14.7 kwa sababu kitabu kimeitaja 14.7 ni kutafuta injini inayozima kwenye kila kituo. Ukigeuza skrubu na hakuna kinachobadilika, angalia kipepeo: huenda skrubu ya mwendo imekifungua mno, matundu ya ukutani yanamwaga petroli, na skrubu ya mchanganyiko haina tena la kusema.

Mwendo wa tambarare ulisoma 14.9. Kati ya 14.5 na 15.5 panafaa kwa injini iliyo nzima, na petroli inaokolewa hapo kuliko kwingine kokote. Gari likianza kuvutavuta na kuachia kama linasitasita, umepita kikomo chake. Rudi nyuma kidogo, hata kama namba inakuvutia.

Nguvu kamili ndiyo kazi nzito. Gia ya juu, barabara tupu, mafuta mpaka sakafuni kuanzia mizunguko 2,500. Kwenye 3,000 ilisoma 14.0. Hiyo ni nyepesi, na ni hatari. Injini inatoa nguvu zaidi kati ya 12.5 na 13.2, yaani lambda 0.85 hadi 0.9, na petroli ile ya ziada inasaidia pia kupoza. Ukiiacha 14 na zaidi chini ya mzigo, joto linapanda, injini inaweza kuanza kugonga, na pistoni haina namna ya kukuomba usimame. Kwa hiyo ukiona nyepesi kwenye nguvu kamili, achia mafuta wakati huohuo. Usimalize kipimo.

Nililenga 12.8. Nagawa 14.0 kwa 12.8, napata 1.09, maana yake nataka petroli asilimia 9 zaidi. Petroli inapita kwa eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba wa kipenyo. Kwa hiyo kipenyo kinaongezwa nusu ya asilimia hiyo, kama 4.5. Jeti za Weber zinaandikwa kwa sehemu ya mia ya milimita: 130 ni milimita 1.30. Ongeza asilimia 4.5, unapata 136. Ya karibu ni 135. Si kila kabureta inaandikwa hivyo. Namba za jeti za Holley, kwa mfano, ni namba za mpangilio tu, na inabidi uwe na jedwali la vipenyo vyake. Hesabu hii haitoi jibu la mwisho, kwa sababu jeti ya hewa nayo ina mkono wake, lakini inakuweka jirani. Ni bora kuliko kurushia jeti gizani kama nilivyofanya Jumamosi ile.

Na 135 ndani, kwenye 3,000 nikapata 13.0. Safi. Ila kwenye 5,500 ikawa 11.8. Jeti kubwa inainua mstari wote. Ncha ya juu inashikwa zaidi na jeti ya hewa. Ilikuwa 170, nikaweka 190, hewa zaidi ikaingia kwenye povu, na huko juu namba ikaja 12.6. Kule chini haikusogea sana. Kitu kimoja kwa mara moja, na kila mara nilirudia barabara ileile kwa gia ileile. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hujui cha kushukuru wala cha kulaumu.

Mara nyingine namba inaanza vizuri na inaharibika katikati: 12.8, 12.9, kisha baada ya sekunde kadhaa za nguvu kamili inapanda 13.8, 14.5. Usiguse jeti. Hapo bakuli la kabureta linakauka. Pampu ya petroli imechoka, au chujio limeziba, au sindano ya floti ni ndogo. Jeti haina uwezo wa kupitisha kisichokuwepo.

Ukikanyaga ghafla, geji itaruka hadi 16 au 17 kisha itarudi. Wengi wanaogopa mruko huo na kuongeza pampu ya akselereta mpaka gari linatoa wingu jeusi kila likichanganya. Mimi nasikiliza miguu ya gari. Likisita, pampu haitoshi au imechelewa. Lisiposita, mruko ule nauacha kama ulivyo. Na ukiachia mafuta kwenye mizunguko mikubwa, namba itapanda ovyo, pengine itoke nje ya geji. Hiyo isikunyime usingizi.

Kabureta za SU na ndugu zake wanaoinua pistoni ndani yao wana mambo yao. Hawana jeti nyingi. Wana sindano moja iliyochongwa mteremko, na kila kimo cha pistoni ni unene tofauti wa sindano. Pale sensa inakuonyesha ni sehemu ipi ya sindano iliyo nene au nyembamba mno, na unatafuta sindano nyingine yenye mchongo unaofaa. Oili ya kizuizi cha juu kinachotuliza pistoni hiyo ikiisha, gari linasita ukikanyaga, na watu wanalaumu sindano.

Wastani, na hewa ya mlimani

Injini yenye kabureta mbili au zaidi ina mtego wake. Sensa moja baada ya mabomba kukutana inasoma mchanganyiko wa wote. Kabureta moja ikiwa 11.5 na nyingine 15, geji itakuonyesha kama 13, na utaondoka ukitabasamu huku silinda mbili zinazama na mbili zinaungua. Kwanza linganisha mvuto wa hewa wa kabureta zote, kisha fungua plagi ulinganishe. Petroli isiyo na risasi haipaki rangi nzuri kwenye plagi kama ile ya zamani, lakini tofauti kati ya plagi na plagi bado inasema kitu. Anayetaka uhakika anachomelea nati kwenye kila bomba la silinda na kuihamisha sensa moja baada ya nyingine, mradi asiiache karibu na injini kwa muda mrefu kwenye nguvu kamili.

Kabureta pia haipimi uzito wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, mchanganyiko unakuwa mzito kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito huo. Kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ina kama asilimia 82 ya uzito wa pwani, kwa hiyo kabureta iliyowekwa 13.0 usawa wa bahari itasoma karibu 11.8 huko juu bila mtu kugusa kitu. Joto la mchana nalo: kutoka nyuzi 15 hadi 35 linasogeza namba kama asilimia 3. Anayeseti kwenye ubaridi wa alfajiri na kupima tena saa nane mchana ataona geji imebadili maneno, aanze kufungua jeti zisizo na kosa.

Sensa haipendi petroli yenye risasi, injini inayokula oili, wala silikoni ya kuzibia gasketi isiyoandikwa kwamba ni salama kwake. Haipendi pia kukaa ndani ya moshi bila umeme: hita ikiwa imezimwa na injini inawaka, masizi yanaijaa na haiponi. Ndiyo maana nikimaliza naing'oa, naziba nati kwa bolti yake ya M18, na sensa inarudi kwenye boksi. Jeti naziandika kwa kalamu isiyofutika chini ya kifuniko cha chujio la hewa, pamoja na kimo cha mahali na joto la siku ile. Kwenye gari lile pameandikwa: ndogo 50, kubwa 135, hewa 190, nyuzi 24. Na chini yake, kwa herufi ndogo: waya wa plagi namba 3 ni mpya.